Figa Moja Haliinjiki Chungu: Maoni Kuhusu Mradi wa Anga Katika Mchezo wa Mataifa

Wapenzi wa lugha na mashairi, zipo methali mbili za Kiswahili ambazo husimamishwa pamoja kila panapozungumzwa habari za kuchangiana. Moja ni "Haba na haba hujaza kibaba." Ya pili ni "Figa moja haliinjiki chungu." Mfungua hafla ya mchango huzitaja zote mbili kwa pumzi moja, na hadhira hupiga makofi, kana kwamba ni mtoto mmoja aliyepewa majina mawili. Mimi nashikilia kuwa ni watoto wawili, tena wa tabia mbalimbali. Kibaba kina hesabu yake na mafiga yana hesabu yake, na mwenye kubuni jambo la ushirikiano bila ya kujua anatumia hesabu ipi huishia kujenga asichokikusudia.

Kilichonifanya niyaandike haya ni mchezo. Vijana kadhaa wanaotunga mchezo wa kompyuta kwa Kiswahili, kuanzia kanuni zake hadi maandishi ya vitufe, waliniletea rasimu yao niwatazamie lugha. Ni mchezo wa kuunda mataifa. Kila mchezaji hupewa nchi changa, naye huilea zamu baada ya zamu: hulima, hujenga shule na viwanda, hutunga sheria, hufanya biashara, huunda jeshi, na hukutana mtandaoni na wachezaji wengine kwa mapatano au kwa vita. Sehemu waliyoitaka niichunguze zaidi wameiita "Mradi wa Anga". Humo mataifa hualikwa kujenga kwa pamoja kituo kikubwa kinachoizunguka dunia. Lugha yao niligusa mahali pachache tu, kwani vijana hawa Kiswahili wanakijua. Lakini kanuni zenyewe zilinipa la kusema, na kwa kuwa wameniridhia nilisemee hadharani, nalileta barazani.

Kanuni ya rasimu ni nyepesi kueleza. Kituo kinahitaji vipimo 10,000 vya kazi. Taifa lolote linaweza kuchangia kiasi lipendacho, wakati lipendao. Vipimo vikitimia, kituo kinaonekana angani, na hapo orodha ya wachangiaji hutangazwa. Aliyetoa zaidi hupata zawadi ya dhahabu, wanaomfuata hupata fedha, na waliobaki hupata shaba. Chini ya orodha hiyo vijana wameandika ile methali ya kwanza: haba na haba hujaza kibaba.

Hawakukosea kuichagua, maana mradi wao ni kibaba hasa. Kibaba ni kipimo, robo ya pishi, na kipimo hakiulizi punje imetoka shamba la nani. Punje ya tajiri na punje ya maskini zikishaingia humo hazitambulikani. Ndiyo sifa yake, na ndipo ulipo udhaifu wake tukitaka kukifanya mfano wa ushirikiano. Ikiwa punje zote ni sawa, basi mwenye ghala kubwa anaweza kukijaza kibaba peke yake. Mdogo hahitajiki. Akija, anapunguza siku za kungoja. Asipokuja, kituo kitajengwa vilevile. Halafu orodha ile ya dhahabu, fedha na shaba inamkumbusha mwishoni kwamba alikuwa wa kumi na saba.

Waliohudhuria harambee wanakijua kisa hiki bila ya kusimuliwa. Jina lenyewe ni zuri, wito wa watu wanaovuta mzigo mmoja kwa pumzi moja. Lakini katika hafla nyingi bahasha hufunguliwa, na jina la mtoaji na kiasi chake husomwa kwa kipaza sauti. Mwenye laki hushangiliwa na mwenye mia hutazama viatu vyake. Shule hujengwa, sikatai. Bali watu hutoka pale wakikumbuka nani alitoa nini, na wachache mno wakikumbuka kuwa walivuta pamoja.

Hata hivyo, vijana wetu hawakuianzisha njia hii. Mchezo uliofungua mlango wa aina hii yote ni Civilization, kazi ya Sid Meier na Bruce Shelley iliyotoka mwaka 1991. Katika mchezo ule mtu aliweza kushinda kwa kuyateka mataifa mengine yote, au kwa kuwa wa kwanza kukifikisha chombo chake kwenye nyota ya Alpha Centauri. Anga ilikuwa uwanja wa mbio, na mji mkuu wa nchi ukitekwa kabla chombo hakijafika, safari yake ilikufa. Picha hiyo ilitoka katika historia ya wakati wake: Sputnik ya Wasovieti tarehe 4 Oktoba 1957, Yuri Gagarin tarehe 12 Aprili 1961, Wamarekani juu ya Mwezi Julai 1969. Mataifa mawili yalikimbizana na dunia nzima ikatazama.

Baadaye wabunifu waliona kuwa mbio peke yake hazitoshi. Toleo la tano la mchezo huo lilipopata nyongeza mwaka 2013, bunge la mataifa ndani ya mchezo liliweza kupitisha ujenzi wa kituo cha anga cha kimataifa. Kila nchi ilitoa nguvu kazi yake, na tuzo zikagawanywa kwa ngazi za dhahabu, fedha na shaba kwa kadiri ya mchango. Hatua ile ilikuwa njema, kwa kuwa kwa mara ya kwanza wapinzani walijenga kitu kimoja. Lakini walikijenga kama kibaba, na mbio zikaingia kwa mlango wa nyuma. Nimetazama vijana wakiicheza sehemu hiyo. Hakuna anayeuliza kituo kitafanya kazi gani. Swali lao ni moja: fulani ametoa ngapi, ili nami nimzidi kwa kipimo kimoja.

Sasa tukitazame kituo chenyewe, kile cha kweli, kinachopita juu ya vichwa vyetu kwa umbali wa kilomita 400 hivi. Mkataba wake ulitiwa saini na nchi 15 tarehe 29 Januari 1998. Kipande cha kwanza, Zarya, kilijengwa Urusi kwa fedha za Marekani na kikarushwa kutoka Baikonur tarehe 20 Novemba mwaka huohuo. Wiki mbili baadaye Wamarekani wakapeleka kipande chao, Unity, kikaunganishwa na kile cha kwanza huko huko juu. Tangu tarehe 2 Novemba 2000 watu wamekuwa wakiishi humo mfululizo.

Angalieni jinsi vipande vinavyotegemeana. Umeme mwingi wa kituo hutoka katika mabawa ya jua ya upande wa Marekani. Injini za kukisukuma kirudi juu zimekuwa hasa za upande wa Urusi. Na kusukumwa kinahitaji, kwa sababu hata katika kimo kile hewa haikwisha kabisa. Iliyobaki ni nyembamba mno, lakini hukivuta kituo kidogo kidogo, nacho hushuka kikiachwa. Mwenye umeme hana msukumo wa kutosha na mwenye msukumo hana umeme wa kutosha. Hiyo si punje juu ya punje. Ni figa na figa, na chungu kikiwa juu yake.

Mfano unaonivutia zaidi ni wa Canada. Katika upande wa kituo usio wa Urusi, fungu la Canada katika matumizi ni asilimia 2.3 tu, ilhali la Marekani ni asilimia 76.6. Katika orodha ya vijana wetu Canada ingepewa shaba na kusahauliwa. Lakini Canada ndiyo iliyoleta mkono mkubwa wa mitambo, wa urefu wa mita 17 hivi, uliofikishwa kituoni Aprili 2001. Mkono huo ulishika vipande vizito na kuvipachika mahali pake, na hata leo hudaka vyombo vya mizigo. Mwenye asilimia 2.3 alishika kazi ambayo wenye asilimia kubwa waliijenga juu yake. Nani atasema huyo ni wa mwisho katika orodha?

Kwa hiyo rai yangu kwa wabunifu wetu, na kwa yeyote anayetaka kutunga mradi wa namna hii, ni kwamba wakivunje kibaba na kuweka mafiga mahali pake. Nitaeleza kwa vitendo, maana vijana hawa hawatafaidika na methali wasiyoweza kuigeuza kanuni.

Kwanza, mradi ugawanywe katika mafungu yasiyoweza kubadilishana. Liwepo fungu la uwanja wa kurushia, la roketi, la makazi ya wanaanga, la umeme wa jua, la mkono wa kupachikia, la mawasiliano, la chakula na hewa, na la mafunzo. Taifa moja lisishike zaidi ya mafungu mawili, hata likiwa na hazina ya dunia nzima. Kituo kisifanye kazi mpaka mafiga matatu yawe yamesimama: usafiri, makazi na umeme. Hapo mkubwa atalazimika kumtafuta mdogo, na kumtafuta mtu ndiko kunakoanzisha mazungumzo.

Pili, gharama ya kila fungu ipimwe kwa pato la anayelishika. Sehemu ya kumi ya pato la nchi yenye watu milioni mbili ni jasho sawa na sehemu ya kumi ya pato la nchi yenye watu milioni mia. Mafungu mepesi kifedha yawe mazito katika sharti jingine, kama vile elimu, mahali au uaminifu wa mapatano yaliyopita. Hivyo nchi ndogo iliyosomesha watu wake vizuri itashika fungu la mawasiliano bila ya kuomba hisani.

Tatu, mahali pawe mali. Dunia inapojizungusha, mahali palipo kwenye ikweta huenda kwa kasi ya kilomita 1,670 hivi kwa saa, na roketi inayorushwa hapo kuelekea mashariki hupewa kasi hiyo bila ya malipo. Katika ramani ya mchezo, nchi iliyo karibu na ikweta na yenye bahari upande wa mashariki ina hazina ambayo tajiri wa kaskazini hawezi kuinunua. Nitarudi kwenye jambo hili, kwa kuwa si la kubuni. Limetokea kwetu.

Nne, kituo kishuke. Kila baada ya zamu kadhaa kipungue kimo, na kuwe na zamu ya kukisukuma. Mradi unaokwisha siku ya kuzinduliwa ni sherehe, na ushirikiano wa kweli ni kazi ya siku inayofuata sherehe. Anayekosa zamu yake apunguziwe saa za kukitumia kituo, asifukuzwe. Hapo mvivu atalipa kwa uvivu wake, na mlango utabaki wazi siku atakaporudi.

Tano, vita vya ardhini visivunje mkataba wa juu moja kwa moja. Najua jambo hili litawashangaza wachezaji. Lakini Februari 2022, vita vya Ukraine vilipopamba moto, Warusi na Wamarekani walikuwa pamoja ndani ya kituo, na tarehe 30 Machi mwaka huo Mmarekani Mark Vande Hei alirudi duniani katika chombo cha Urusi, akiwa na Warusi wawili. Mchezaji atakayelazimika kuamua, zamu ile ile, kama atakisukuma kituo anachokalia adui yake, amekutana na swali zito kuliko lolote ambalo mizinga inaweza kumpa.

Nne na tano zikiwekwa pamoja, mchezo utakuwa na siasa ya kweli. Kujitoa kutawezekana, lakini kila atakayejitoa atawagusa wote, na yeye mwenyewe akiwamo.

Kanuni ya sita inahusu kiungo, na hapa naomba wapenzi wa ushairi wasikilize kwa makini. Mwaka 1975 Marekani na Umoja wa Kisovieti ziliamua kuunganisha vyombo vyao angani, Apollo na Soyuz. Kabla ya hapo, vyombo viliunganishwa kwa mtindo wa mchi na kinu: kimoja kilikuwa na mchi, kingine kinu, na kimoja kiliingia katika kingine. Kwa safari ile wahandisi wa pande mbili, Msovieti Vladimir Syromyatnikov akiwa miongoni mwao, walibuni kiungo ambacho hakina mchi wala kinu. Kila upande uliweza kuwa mwenye kushika au mwenye kushikwa. Vyombo vilipokutana tarehe 17 Julai, Apollo ndicho kilichoshika. Vilipoachana na kuungana tena siku mbili baadaye, Soyuz ikashika. Wala nchi moja haikumtengenezea mwenzake kiungo. Zilikubaliana vipimo, kisha kila moja ikatengeneza cha kwake kwa mikono yake.

Je, si hivyo ndivyo tufanyavyo sisi katika malumbano? Anayejibu hufuata bahari ya aliyeanza. Vina vikiwa vimewekwa, mizani ikiwa 8 kwa 8, mpinzani huingia katika vipimo hivyo hivyo na kusema la kwake, hata kama ni la kumpasua mwenzake. Vipimo ni vya pamoja, maneno ni ya kila mtu. Kwa hiyo mapatano ya kuunganisha vipande katika mchezo wa vijana wetu yasiwe na mwenyeji na mgeni. Rasimu ya sasa inasema taifa dogo "huomba kuunganishwa" na taifa kubwa "huridhia". Hicho ni kinu na mchi. Yawe mapatano yanayoweza kuanzishwa na upande wowote, kwa vipimo vilivyowekwa mbele ya wote.

Fauka ya hayo, katika safari ile ya mwaka 1975 Wamarekani walijifunza Kirusi na Wasovieti Kiingereza, kisha kila upande ukazungumza lugha ya mwenzake. Anayeisema lugha ya kujifunza husema polepole na huchagua maneno mepesi, na mwenye lugha humwelewa bila ya shida. Adabu ikawa pia njia ya usalama. Sisi tunaoishi katika lugha nyingi tunalijua jambo hilo tangu utotoni, basi mchezo wa Kiswahili ungeweza kulifanya kanuni: taifa linalowekeza katika kujifunza lugha ya mshirika wake lipunguziwe hatari ya ajali kituoni.

Nimezieleza hoja hizi kwa vijana na wamenijibu kwa heshima, lakini kwa ukali unaostahili. Wa kwanza alisema, "Mzee, ukimpa mdogo figa lisilo na mbadala, umempa kisu. Atasimama katikati ya ujenzi na kudai nusu ya hazina ya wenzake." Hoja hiyo ina nguvu. Jibu langu ni kwamba kila figa liwe na mbadala wa gharama. Chombo cha Columbia kilipoangamia na wanaanga 7 tarehe 1 Februari 2003, Marekani ilisimamisha safari za vyombo vyake vya aina ile hadi Julai 2005. Kituo hakikuanguka, kwa sababu Soyuz za Urusi ziliendelea kubeba watu. Lakini ujenzi ulisimama na wakazi wakapunguzwa kutoka watatu hadi wawili. Hivyo ndivyo iwe katika mchezo: figa likiondoka, jingine liweze kuwekwa kwa gharama maradufu na kwa kuchelewa. Mdogo atakuwa na thamani, na thamani yake itakuwa na mpaka.

Wa pili alisema kuwa ushindani ndio chumvi ya mchezo, na bila ya orodha ya dhahabu hakuna atakayejisumbua. Chumvi siikatai. Washairi wameshindana karne na karne, na ushindani ndio uliotupa baadhi ya beti tunazozikariri. Ninachokipinga ni kuwashindanisha watu kwa wingi wa punje. Washindane kwa ubora wa kazi ya fungu walilolishika: nani roketi zake hazikuchelewa, nani alisukuma kituo zamu zote bila ya kukosa, nani alimfundisha mwanaanga wa nchi nyingine. Sifa hizo ni nyingi na za namna nyingi, na mdogo anaweza kuwa wa kwanza katika moja wapo.

Wa tatu aliuliza: na asiyetakiwa? Taifa ambalo wengi hawaliamini lifungiwe nje? Hapo niliwaeleza habari ya China. Tangu mwaka 2011 sheria ya Marekani imelizuia shirika lake la anga kutumia fedha za serikali kushirikiana moja kwa moja na China, isipokuwa kwa idhini maalumu. China ikajenga kituo chake yenyewe, na kipande chake cha kwanza kilirushwa Aprili 2021. Leo kuna vituo viwili vyenye watu juu yetu. Mchezo uruhusu hilo litokee, kwani ni kweli. Lakini umwoneshe mchezaji kwamba mlango alioufunga ni nusu ya sababu ya kuzaliwa kwa kituo cha pili.

Nilisema nitarudi kwenye habari ya ikweta. Tarehe 12 Desemba 1970, siku Kenya ilipotimiza miaka 7 ya uhuru, setilaiti ya Marekani ilirushwa kutoka jukwaa la Italia lililosimamishwa baharini karibu na Malindi. Ilikuwa setilaiti ya kwanza iliyotengwa kwa ajili ya kuchunguza miale ya eksirei itokayo katika nyota, na orodha iliyotokana na kazi yake ina vyanzo 339 vya miale hiyo. Kwa heshima ya siku ile na ya nchi ile ikaitwa Uhuru. Neno letu likapanda mbinguni kabla ya mwanaanga yeyote wa nchi zetu.

Nalipenda jina hilo. Lakini ukilipima kwa mizani ya mafiga, jambo moja hukosekana. Roketi ilikuwa ya Marekani, jukwaa la Italia, bahari ya Kenya. Mafiga matatu yalikuwapo, na bila ya bahari ile karibu na ikweta mpango ungelazimika kutafuta pengine. Walakini wasomaji wa historia ya elimu ya nyota huwakumbuka wanasayansi waliokiunda chombo, na Kenya huikumbuka kwa jina tu. Katika mchezo wa vijana wetu, mwenye mahali asilipwe kwa kupewa heshima ya kutaja jina. Apewe kiti katika baraza la mradi, na saa zake za kukitumia kituo.

Kwamba jambo hili linawezekana kumeonekana tayari. Tarehe 11 Mei 2018 setilaiti ndogo ya Chuo Kikuu cha Nairobi, ya kwanza ya Kenya, iliachiwa angani kutoka kituo cha kimataifa, kupitia kipande cha Japani, kwa mpango wa Japani na Umoja wa Mataifa wa kuwapa nafasi wasio na roketi. Rwanda ikafuata mwaka 2019 na Uganda mwaka 2022 kwa kupitia kipande hicho hicho. Na kipande hicho kinaitwa Kibo. Kwa Kijapani neno hilo lina maana ya matumaini. Kwetu ni kilele cha Kilimanjaro, ambacho ncha yake ya juu kabisa, mita 5,895, huitwa Uhuru. Sijui mshairi ambaye angethubutu kulibuni hilo.

Mwisho niseme kidogo kuhusu maneno, kwa kuwa ndiyo niliyoitiwa. Rasimu inayaita mataifa makubwa "wafadhili" na madogo "wanufaika". Maneno haya mawili yamekwisha kuzoeleka katika maofisi yetu hata tumesahau yanavyotupanga: mmoja mkono juu, mwingine mkono chini. Nimependekeza yafutwe yote mawili na nafasi yake ichukuliwe na neno moja, "wabia". Pale palipoandikwa "Toa mchango", paandikwe "Shika fungu". Pale palipoandikwa "Mshindi wa mradi", paandikwe majina ya wote kwa mpangilio wa mafungu, na kila jina libebe kazi yake: fulani alileta mkono, fulani alileta bahari, fulani aliweka umeme. Mchezaji husoma maneno hayo mara mia kwa siku, na yakirudiwa mara mia humfundisha kuliko hotuba.

Mtu anaweza kuuliza kama jambo hili linastahili wino wote huu. Nasema linastahili. Vijana watakaoucheza mchezo huu kwa Kiswahili ni, kwa sehemu kubwa, raia wa nchi ambazo mpaka sasa zimeitazama anga kutoka chini. Wakijifunza mchezoni kwamba kazi ya nchi ndogo ni kutia punje na kupiga makofi, wataingia nalo katika meza za mapatano watakapokuwa watu wazima. Wakijifunza kuwa mdogo huulizwa, "Wewe umeshika figa gani?", wataingia na swali hilo.

Vijana wameniomba ubeti wa kuweka katika ukurasa wa kwanza wa Mradi wa Anga, mahali pa ile methali ya kibaba. Nimewapa huu:

Chungu hakikai juu, kwa figa la peke yake,
Wakubwa wenye makuu, wanyonge wasiwacheke,
Safari ya anga kuu, yataka sote tushike,
Mwenye kutaka nafuu, na alete figa lake.

Aliye na jibu, kwa nathari au kwa beti, na alilete. Bahari nimekwisha kuiweka.